Kuhusu wahafidhina wa Marekani wanaopingana juu ya vita dhidi ya ugaidi

Ndugu muulizaji, nimekuelewa: unaandika tasnifu kuhusu wahafidhina wa Marekani na vita dhidi ya ugaidi, na umekwama kwa kuwa wachambuzi wao wanapingana wenyewe kwa wenyewe. Hujakosea kusoma, kwani hawakuwahi kuwa kundi moja.

Nakushauri uanze kwa kutenganisha idhini mbili za Bunge lao za kutumia nguvu za kijeshi. Ile ya Septemba 2001, dhidi ya waliohusika na mashambulizi ya 11 Septemba, ilipingwa na mbunge mmoja tu, Barbara Lee wa Demokrati. Lakini ya Oktoba 2002 kuhusu Iraq ilipingwa na Warepublican sita katika Baraza la Wawakilishi, akiwamo Ron Paul, aliyeshikilia kwamba Katiba inalitaka Bunge litangaze vita lenyewe. Upande wa pili walikuwapo wahafidhina mamboleo kama Paul Wolfowitz, aliyekuwa naibu waziri wa ulinzi wakati huo, walioamini kwamba kumwondoa Saddam Hussein kungeifungulia Mashariki ya Kati mlango wa demokrasia. Ukiwapanga hivyo, kauli ya Donald Trump ya Februari 2016, alipokuwa akiwania tiketi ya urais ya Republican, kwamba vita vya Iraq vilikuwa kosa kubwa haitakushangaza.

Usianzie 2001, kwa sababu milipuko ya al-Qaida katika balozi za Marekani za Nairobi na Dar es Salaam ya 7 Agosti 1998 ilitangulia.

Tena, mimi niliwahi kurudishiwa sura nzima kwa kunukuu watangazaji wa redio kana kwamba maoni yao ni ushahidi. Soma idhini zenyewe, na kabla ya kuandika zaidi mwonyeshe msimamizi wako jinsi unavyofasili neno “mhafidhina”.