Pedali ya breki ilizama mteremkoni: nibadilishe pedi?

SWALI: Shikamoo fundi. Tunaishi Brussels. Mwezi Oktoba mimi na mke wangu tulikwenda milima ya Alps, Ufaransa, kwa kampavani (gari la kulala ndani) tuliyonunua mkononi, ya dizeli, tani tatu na nusu. Tulitembea polepole, tukilala vijijini. Siku tunashuka kutoka Alpe d'Huez kwenda Bourg-d'Oisans nikasikia harufu ya kitu kuungua, kisha pedali ya breki ikalainika na kuzama. Tulisimama nusu saa, ikarudi sawa. Fundi mmoja ameniongezea mafuta ya breki na anataka kuniuzia pedi "ngumu". Rafiki yangu anasema dawa ni kuweka gari frii, yaani kutoa gia, mteremkoni, injini ipumzike na dizeli isiishe. Nimsikilize nani?

JIBU: Marahaba, ndugu yangu. Namshukuru Mungu wewe na shemeji mko salama. Usimsikilize hata mmoja, na huyo rafiki ndiye wa kumwogopa zaidi.

Kwanza pedali. Kurudi kwake baada ya nusu saa si kupona. Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. Yale ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayachemki chini ya nyuzi 230; yakishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 155. Yakichemka yanatoa mvuke, na mvuke unabonyea. Unakanyaga, nguvu inaishia kubonyeza mvuke, pedi hazishiki diski. Yakipoa, mvuke unarudi kuwa majimaji na pedali inasimama kana kwamba hakuna kilichotokea. Fungua kopo la breki uangalie: mapya yana rangi ya asali nyepesi, yako huenda yamekuwa kama chai ya rangi iliyokaa. Kuongeza mapya juu ya hayo ni kumwaga maji safi kwenye ndoo chafu. Yamwagwe yote, yawekwe mapya, hewa itolewe magurudumu yote manne, na kazi hiyo irudiwe kila miaka miwili. Pedi na diski zipimwe. Zikiwa zimeungua, badilisha, lakini pedi ngumu haizuii mafuta mabovu kuchemka.

Sasa hii habari ya frii. Kazi nilijifunzia gereji moja Iringa, tukipokea magari yaliyoshuka Kitonga, na maneno haya nimeyasikia tangu nikiwa kijana wa kushika spana. Nimechoka kuyasikia. Eti inaokoa mafuta! Dizeli za sasa, ukiwa ndani ya gia umeachia pedali ya mafuta, kompyuta inafunga dizeli kabisa. Magurudumu ndiyo yanayozungusha injini. Ukiweka frii, injini inalazimika kuchoma dizeli ili isizimike. Kwa hiyo unachoma zaidi, na umeitupa breki ya bure uliyokuwa nayo.

Piga hesabu ya mlima wako. Kutoka Alpe d'Huez ni kona 21 na karibu kilomita 14, unateremka kama mita 1,100. Tani tatu na nusu zikishuka kimo hicho, nguvu yake ikigeuka joto inatosha kuchemsha zaidi ya lita 100 za maji. Ukiwa frii, karibu joto lote hilo linakwenda kwenye diski nne. Ukiwa gia ya pili, injini inabeba sehemu kubwa. Ingia gia ndogo kabla mteremko haujaanza. Kanyaga breki kwa nguvu, kwa muda mfupi, kisha achia ipoe. Usiegemeze mguu juu yake njia nzima. Ikinuka, simama, acha gari ndani ya gia, na usimwagie maji diski ya moto, itapasuka.

Mlipoendelea kuelekea Grenoble bila shaka mlipita Vizille. Juu yake kuna mteremko wa Laffrey. Mwaka 1973 basi la mahujaji wa Ubelgiji, mnakoishi, lilishindwa kusimama pale, wakafa watu 43. Julai 2007, mahali palepale, wakafa mahujaji 26 wa Poland. Wale walikuwa na madereva wa kazi. Sisi wa kampavani tunajaza tangi la maji lita 100, baiskeli nyuma, masanduku juu, tunapita kilo 3,500 bila kupima, halafu tunafuata ushauri wa mtu ambaye hajawahi kushika diski iliyogeuka bluu kwa joto.

Mkirudi kuanzia tarehe 1 Novemba, maeneo mengi ya milimani Ufaransa yanadai matairi ya baridi au minyororo hadi mwisho wa Machi. Na yule aliyekuongezea mafuta bila hata kuuliza yaliwekwa lini, mwambie akurudishie funguo, upeleke gari kwa mwenye kipimo cha unyevu wa mafuta ya breki. Ni kifaa kidogo kama kalamu. Akikichovya kwenye kopo, simama karibu usome mwenyewe.