Skrini nyeusi baada ya kuchagua kujaribu Ubuntu
Ndugu, umeuliza kwa nini laptopu yako yenye Windows inaonyesha skrini nyeusi unapojaribu mfumo wa Ubuntu kutoka kwenye flashi. Kama menyu ya GRUB (ile ya kuchagua mfumo wa kuwasha) inatokea kisha skrini inakuwa nyeusi, basi laptopu imeshaisoma flashi, usihangaike na BIOS, yaani mipangilio ya msingi ya kompyuta. Mimi nashuku kadi ya picha ya Nvidia. Zima, washa upya, na menyu ikija simama kwenye mstari wa kwanza ubonyeze herufi e, si Enter. Tafuta mstari unaoanza na neno linux. Kabla ya vile vistari vitatu (---) andika nomodeset, agizo la kuuzuia mfumo usiiendeshe kadi ya picha kwa njia yake ya kawaida, ukiacha nafasi pande zote mbili. Halafu bonyeza F10 ili iwake. Badiliko hilo halihifadhiwi, kwa hiyo jaribu bila woga, Windows yako haiguswi. Ikigoma bado, pakua upya ISO (faili la Ubuntu) uiandike tena kwenye flashi kwa programu ya Rufus, kwani faili lenye hitilafu laweza kuleta dalili hizohizo.