Maswali ya Wasomaji: Kuijua Dar Mtaa kwa Mtaa

SWALI: Nahamia Dar es Salaam, ofisi yangu iko Posta. Kila ninayemuuliza pa kukaa ananisifia mtaa anaokaa yeye. Nianzie wapi kuujua mji kabla sijalipa kodi? – Msomaji, Songea

JIBU: Anza kwa miguu, Jumamosi saa moja asubuhi, kabla jua halijawaka. Toka kanisa la Azania Front pale Kivukoni, panda hadi sanamu ya Askari, pita mitaa ya Uhindini hadi Kisutu, vuka Barabara ya Bibi Titi Mohamed, katiza Mnazi Mmoja uingie Kariakoo. Haizidi kilomita tatu.

Njiani tazama majengo, usitazame maduka. Kanuni za ujenzi za Wajerumani za 1891 ziliugawa mji kwa aina ya nyumba: za Kizungu upande wa bahari, za kudumu katikati, za miti na udongo nyuma. Waingereza waliendeleza mgawanyo huo, na uwazi wa Mnazi Mmoja ukabaki kuitenga Kariakoo na Uhindini.

Viwanja vya Kariakoo vilipimwa kwa nyumba ya Kiswahili: ukumbi katikati, vyumba huku na huku, uani nyuma. Leo viwanja hivyohivyo vimebeba maghorofa. Ukipenda fleti pale, uliza kwanza kuhusu jenereta. Umeme ukikatika, lifti husimama na pampu haipandishi maji juu. Gari nalo utalilaza wapi?

SWALI: Mbona Sinza mitaa imenyooka, na Manzese jirani yake ni vichochoro? – Msomaji, Morogoro

JIBU: Zote mbili ziliguswa na mpango mmoja wa miaka ya 1970, kwa njia tofauti. Sinza ilipimwa viwanja na barabara kwanza, watu wakajenga baadaye. Manzese watu walishajenga. Serikali ikapitisha barabara na maji katikati ya nyumba zilizopo. Kwa mpangaji, tofauti inaonekana siku ya kuhamia: Sinza kirikuu, kigari kidogo cha mizigo, huenda kikafika mlangoni, Manzese huenda ukabebewa kabati kichwani. Ila usidharau Manzese. Morogoro Road iko puani na mabasi ya mwendokasi yanapita.

SWALI: Nimepata chumba na sebule Magomeni. Nikague nini? – Msomaji, Mwanza

JIBU: Nenda mara tatu, bila dalali. Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, uone foleni kituoni. Jumamosi usiku, usikie muziki wa baa. Na siku ya pili baada ya mvua kubwa; hii ndiyo muhimu kuliko zote. Bonde la Msimbazi likijaa, barabara ya Jangwani hufungwa na njia ya kwenda Posta, katikati ya mji, inakatika. Ndani ya nyumba, tazama ukuta karibu na sakafu: rangi iliyobabuka kwa mstari ulionyooka ni alama ya maji yalipofika, hata kama imepakwa upya juu.

Onja maji. Visima vingi vya Dar vina chumvi, na birika lenye ukoko mweupe litakuambia kabla ya jirani. Uliza kama mita ya umeme ya LUKU ni yako peke yako. Mita ya kuchangia huleta ugomvi kila mwisho wa mwezi, hasa mmoja akiwa na friji na mwingine ana taa mbili.

Ukishalipa, jitambulishe kwa mjumbe na ofisi ya serikali ya mtaa wiki hiyohiyo, ukiwa na nakala ya kitambulisho na mkataba. Benki ikitaka barua ya utambulisho, utaifuata hapo.