Ndege wa Februari jangwani Oman: ni mhamaji au mgeni wa baridi?

SWALI: Naishi Muscat, na kila mwisho wa Februari hupita Qatbit, kwenye barabara ya Haima kwenda Thumrait, nikielekea Salalah. Safari hii niliwaona mbayuwayu wanne, hudihudi wawili na ndege watano wa ardhini wenye kiuno cheupe. Mwenzangu anasema hao ni wahamaji wa kwanza wa majira ya machipuko. Mimi nadhani wapo hapo tangu Desemba. Nitajuaje? Na niende siku gani nisikute miti mitupu?

JIBU: Huenda nyote wawili mna haki. Mwishoni mwa Februari wageni wa baridi hawajaondoka jangwani, na wahamaji wameshaanza kupita. Wote hutua chini ya mti mmoja kwa sababu miti yenyewe ni michache. Majina ya ndege peke yake hayatakupa jibu. Tazama kama kuna aina ambayo kwa kawaida haikai Oman wakati wa baridi, na kama idadi inabadilika mahali pale pale, saa ile ile.

Hudihudi watoe kwenye hesabu. Wapo wanaopita, wapo wanaokaa baridi nzima, na wengine huzaa hapo hapo Oman, kwa hiyo hudihudi wawili hawathibitishi lolote. Mbayuwayu nao wachache hubaki Oman majira ya baridi. Hapa cha kutazama ni mwelekeo: simama mahali pamoja dakika kumi, shika dira, uandike kila mmoja amepita akielekea wapi. Anayezunguka juu ya bwawa akila wadudu hajakwambia kitu. Wakipita mmoja mmoja au wawili wawili, chini chini, wote wakishika kaskazini au kaskazini-mashariki bila kurudi, hao wako safarini.

Wenye kiuno cheupe ndio wenye kazi. Ni wa jenasi ya Oenanthe (hapa chini naifupisha O.), na asiyetazama mkia lazima apotee. Mkia hauonekani vizuri ndege akiwa ametulia. Subiri aruke au atue, maana hapo huufungua kwa nukta moja. Ukiwa na kamera, weka kasi ya 1/2000 na upige mfululizo anapotua.

Mwenye rangi ya mchanga mwili mzima, miguu mirefu, anayesimama wima kama askari, ni O. isabellina. Weusi wa mkia wake ni mshipi mpana unaokaribia nusu ya mkia, na kwenye bawa la rangi ya mchanga kuna kijidoa cheusi, yale manyoya ya kidole gumba. O. deserti ana mkia mweusi wote tangu kiunoni. O. chrysopygia ana rangi ya kutu pale ambapo wenzake wana weupe. Hao watatu ni wageni wa baridi wa kawaida, na kila mmoja hulinda kieneo chake. Ukimkuta leo kwenye jiwe fulani akimfukuza mwenzake, na wiki ijayo yuko kwenye jiwe lile lile, huyo hajahama bado.

Unayemtaka wewe ni O. pleschanka. Dume ana uso, koo, mgongo na mabawa meusi, utosi mweupe wenye kijivu, na mkia mweupe wenye alama ya T iliyopinduliwa, ambayo weusi wake hupanda kidogo kwenye kingo za nje. Wengi wao hukaa baridi Afrika Mashariki, wakiwemo wa Kenya na kaskazini mwa Tanzania, kwa hiyo yule unayemwona Qatbit pengine wiki chache zilizopita alikuwa juu ya kichaka karibu na Arusha, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka hapo. Huanza kuonekana Oman mwishoni mwa Februari, na madume hutangulia majike. Ukikuta madume matatu bila jike hata mmoja, hiyo ni dalili nzuri ya mwanzo wa msimu. Jihadhari tu ukishafika milima ya Dhofar: kule kuna mkazi anayefanana naye sana, O. lugentoides, ambaye chini ya mkia ana rangi ya chungwa hafifu.

Mwingine wa mapema ni mbwigu mwenye kisogo chekundu cha kahawia, Lanius senator. Machi huleta Phoenicurus phoenicurus anayetetemesha mkia mwekundu, na keremkerem wenye mashavu ya buluu huanza. Kwa Motacilla flava, wale wa njano wenye kutikisa mkia, usiandike jina na kupita, tazama kichwa. Wenye kichwa cheusi tii hutangulia. Wenye kichwa cha kijivu kilichokoza hujaa baadaye, Aprili hadi Mei. Kambu wa Ulaya ni wa Aprili, ukimwandika Februari utaulizwa picha.

Kuhusu siku ya kwenda, watu wengi huchagua siku tulivu yenye upepo mwanana wa kusini, nao ndio wanaokuta miti mitupu. Upepo huo huwasukuma ndege mgongoni, hawana sababu ya kutua. Uhamaji unaweza kuwa mkubwa usiku kucha juu ya kichwa chako na wewe usione kitu. Wanaotua kwa wingi ni waliokutana na upepo wa mbele wa kaskazini, vumbi au mvua. Kwa hiyo fuata utabiri: upepo ukigeuka kuwa wa kaskazini usiku, fika alfajiri inayofuata. Vumbi likiwa zito, ahirisha. Barabara ile si ya kuchezea.

Katikati ya Machi jua huchomoza Qatbit mnamo saa 12 na nusu. Anza hapo hapo, kwa sababu waliosafiri usiku hula kwa pupa saa mbili za mwanzo. Zunguka miti mara moja tu, jua likiwa mgongoni, ukisimama dakika tano kila kona. Ukizunguka mara tatu utahesabu ndege yule yule mara tatu. Baada ya saa 3 mvuke wa joto huharibu picha ya darubini kwa aliye mbali, lakini ndio wakati wa keremkerem na vipanga, wanaosafiri mchana. Kwenye mashamba ya majani ya mifugo omba ruhusa, kisha pita ukingoni mwa sehemu iliyomwagiliwa karibuni.

Adhuhuri usitazame juu ya miti. Ndege wamekaa ardhini, kwenye kivuli chembamba cha nguzo ya uzio, nyuma ya pipa, na mara nyingi chini ya gari lililoegeshwa. Inama uchungulie chini ya lako kabla hujawasha. Usiwachezee sauti zilizorekodiwa: ndege aliyechoka akikimbilia spika anatumia mafuta anayoyahitaji usiku huo.

Ukiweka rekodi kwenye eBird, tovuti ya kuhifadhi hesabu za ndege, andika namba, si alama ya X (yaani "yupo" bila idadi), pamoja na muda, umbali na upepo. Kisha rudia hesabu ile ile unaporudi kutoka Salalah. Wale watano wakiwa bado watano, kwenye mawe yale yale, mwambie mwenzako umeshinda.