Karatasi mbichi katikati: pimeni tumbo la rola kwanza

Kamwene kaka. Unasema karatasi inatoka presi, pale rola mbili zinapoikamua maji, ikiwa kavu pembeni na mbichi katikati, na bosi anataka kuagiza rola mpya. Mwambie asubiri kwanza.

Rola ndefu ikibanwa kwenye ncha zake mbili hujipinda kidogo: ncha zinagandamiza sana, katikati panalegea. Ndiyo maana rola ya presi hukerezwa iwe na tumbo, yaani katikati inene kuliko pembeni kwa kiasi kidogo mno ambacho jicho halikioni. Raba iliyovikwa juu ya chuma cha rola ikilika, tumbo linakwisha.

Zimeni mashine na mfunge umeme kwa kufuli, narudia, kwa kufuli. Toeni kitambaa cha presi, tandazeni karatasi nyeupe na kaboni kati ya rola kutoka ncha hadi ncha, shusheni mgandamizo wa kawaida, kisha nyanyueni. Alama ikiwa pana pembeni na nyembamba katikati, tumbo limekwisha. Ikiwa pana upande mmoja tu, presi imekaa upande. Rekebisheni mgandamizo wa pande zote mbili, raba msiiguse.

Chuma kikiwa kizima, kuvika raba mpya na kuikereza upya kwa kawaida ni nafuu kuliko rola mpya. Ila msimpe yeyote tu anayekereza shafti za misumeno ya mbao pale Mafinga. Fundi asipouliza mgandamizo mnaotumia, tafuteni mwingine, maana tumbo hukokotolewa kutokana na huo. Beringi na sili zake badilisheni wakati huohuo.