Pakia vifaa vya video ukifikiria usiku wa kurudi

Kifaa kilichowahi kuniharibia kazi kuliko vyote kinaenea kiganjani. Ni pleti, kile kibamba kinachofungwa kwa skrubu chini ya kamera ili ikae juu ya tripodi, ile stendi ya miguu mitatu. Nilifika ukumbini mapema, nikasimamisha tripodi, nikatafuta pleti kila mfuko. Ilikuwa imebaki nyumbani kwenye tripodi nyingine niliyoitumia juzi yake. Harusi ile niliipiga kwa mkono tangu maharusi wanaingia hadi hotuba ya mwisho. Wenye shughuli hawakusema kitu, lakini mimi nilipokaa kuhariri niliona sauti ya mzee inatetemeka kwa furaha na picha inatetemeka kwa uchovu wangu. Hotuba ile hairudiwi.

Nikaanza kuangalia upya namna ninavyopakia. Hapo kabla nilikuwa napakia kwa kujaza: kinachoenea kinaingia. Kila safari kitu kilikaa mahali tofauti, kwa hiyo hata macho yangu hayakuwa na cha kuzoea. Sasa kila kitu kina kitanda chake. Nimekata sponji ya sanduku kwa umbo la kifaa chenyewe, na chini ya sponji nyeusi nimetandika karatasi ngumu ya rangi ya chungwa. Kifaa kisipokuwepo, tundu la chungwa linakukodolea macho. Pleti nazo nimeacha kuzihamisha: kila tripodi na yake, na moja ya akiba iko mfuko wa pembeni wa begi la kamera, haitoki humo.

Sababu ya kuhangaika hivi si asubuhi ya kwenda. Asubuhi una muda na akili imetulia. Vifaa hupotea usiku, shughuli imekwisha, taa zinazimwa moja moja, vijana wanabeba viti, dereva anapiga simu ya tatu, na wewe umesimama tangu mchana. Hapo ndipo kipokezi cha maiki hubaki mezani kwa mshereheshaji na chaja hubaki kwenye soketi nyuma ya pazia. Mpango wa kupakia unaohitaji ukumbuke vitu hautakufaa saa hiyo. Unataka mpango unaokuonyesha.

Betri ninazipa uangalifu wa pekee. Ninazozichaji nazibandika kipande cha utepe mwekundu juu ya vile vipande vya shaba vinavyopitisha umeme. Betri ikienda kwenye kamera utepe unatoka na haurudi, kwa hiyo hata gizani kidole kinajua ipi imejaa na ipi imetumika. Utepe huo una kazi ya pili iliyo muhimu zaidi: unazuia vipande hivyo visigusane na funguo au sarafu. Betri ya lithiamu ikipata shoti hupata moto haraka sana.

Kama kazi inahitaji kupanda ndege, betri za akiba haziingii kwenye mzigo unaowekwa chini. Zinakwenda nawe juu, kwenye begi la mkononi. Moto ukianza kwenye kabini kuna watu wa kuuona na kuuzima, na ndiyo maana ya kanuni hiyo. Kinachopimwa ni wati-saa, na kama haijaandikwa kwenye betri, zidisha volti kwa ampea-saa. Betri kubwa ya volti 14.4 na ampea-saa 6.8 inatoa takriban wati-saa 98, chini ya kikomo cha 100 ambacho kwa kawaida hakihitaji ruhusa. Kati ya 100 na 160 unahitaji kibali cha shirika la ndege, na za akiba haziruhusiwi kuzidi mbili. Ikizidi 160, abiria hasafiri nayo. Betri ndogo iliyoandikwa kwa miliampea-saa, gawanya kwanza kwa 1000. Mimi huwauliza shirika mapema idadi wanayoruhusu, kwa sababu kaunta ya uwanja wa ndege si mahali pa kuanza kubembelezana.

Kuhusu lenzi na kamera: livue lenzi kwanza, hasa lile refu. Kamera iliyolala na lenzi zito mdomoni hubeba kila mtikisiko wa barabara pale kwenye shingo, lenzi linapoungana na kamera, na shingo hiyo ikilegea, fokasi haiaminiki tena. Funika pande zote mbili, lenzi na mwili wa kamera, ili vumbi lisifike kwenye sensa, kile kipande cha ndani kinachonasa picha. Gimbali, kile kishikio kinachotuliza kamera unapotembea nayo, funga mikono yake kwa komeo zake. Kwenye gari, vizito chini, kamera isiwe juu ya rundo wala chini yake, na sanduku lisiachwe juani madirisha yamefungwa.

Kitu kingine kinachowashika wengi ni unyevunyevu. Ukisafiri kwenye gari lenye kipupwe kikali kisha ukafungua sanduku nje penye joto la mvuke, kioo cha lenzi hupata ukungu papo hapo, na kuufuta hakusaidii, kwani unarudi. Acha sanduku limefungwa, lipate joto polepole kwa nusu saa au zaidi, ndipo ulifungue. Hii pekee inatosha kunifanya nifike saa nzima kabla.

Kebo zina somo lake, na ningependa kila msaidizi afundishwe hili kabla ya kugusa kamera. Usizizungushe kwenye kiwiko. Kila mzungusho wa namna hiyo unausokota waya wa ndani upande uleule, na siku moja sauti inaanza kukwaruza katikati ya hotuba. Kunja mzunguko mmoja kwa kawaida, unaofuata ugeuze kiganja upite kinyume, hivyo hivyo hadi mwisho. Kebo iliyokunjwa hivyo ukiirusha sakafuni inanyooka bila fundo. Ifunge kwa mkanda wa kunata, usiifunge kwa ncha yake yenyewe.

Kadi za kumbukumbu hazisafiri pamoja na kamera baada ya shughuli. Mwenzangu mmoja aliibiwa begi likiwa garini, dakika chache tu alizoshuka. Kamera alinunua nyingine. Kazi ya siku nzima ya watu ilikuwa ndani ya begi lilelile, na ilibidi awapigie simu kuwaambia. Nilikaa naye siku ile, na sitaki kuipiga simu hiyo maishani mwangu. Kwa hiyo kadi zilizojaa zinakaa kifudifudi kwenye pochi yake, pochi inakaa mfukoni mwangu wenye zipu, nami nailaza pale ninapolala. Kamera ikiwa na nafasi mbili narekodi kote kuwili, na kadi ya pili anaondoka nayo msaidizi. Hakuna kadi inayofutwa mpaka picha ziwe kwenye diski mbili na nimezifungua zote mbili kuhakikisha zinacheza.

Kabla ya kuondoka nyumbani napiga picha ya kila sanduku likiwa wazi na limejaa. Usiku, masanduku yakiwa bado wazi sakafuni, natoa simu na kulinganisha tundu kwa tundu. Kisha natembea ukumbini na tochi: soketi zote, chini ya meza kuu, nyuma ya spika, jukwaani. Msaidizi naye anazunguka upande wa pili, kwa macho yake, bila kuniuliza. Tukikutana mlangoni mikono mitupu, tunafunga masanduku.