Madaftari Yabaki Shuleni

Mwalimu mwenzangu wa darasa la kwanza na la pili, tupige hesabu kidogo. Ukiwa na watoto 90, na kila daftari ukalipa dakika moja tu, umemaliza saa moja na nusu kwa somo moja. Hapo kuna Kusoma, Kuandika na Kuhesabu. Elimumsingi bila malipo ilipoanza hapa Tanzania Januari 2016 watoto walimiminika shuleni, na nilifurahi, maana wengine wangebaki machungani. Ila kiwango kinachotajwa na serikali ni watoto 45 kwa mwalimu mmoja, na jioni zetu hazijarefushwa.

Ndiyo maana nakusihi: usiyapeleke madaftari nyumbani. Sahihisha darasani, ukipita kati ya madawati, mwenye daftari akiwa mbele yako. Leo safu mbili, kesho mbili nyingine. Mtoto wa miaka 7 akikuta tiki asubuhi, hata hakumbuki alichoandika jana.

Niliwahi kupokea darasa la pili lenye binti mmoja mwenye daftari safi kuliko yote. Herufi zimekaa kwenye mistari, hakuna palipofutwafutwa, tiki ukurasa baada ya ukurasa. Nikachutama kando yake, nikaweka kidole kwenye neno "moto". Kimya. Nikaficha silabi ya pili, nikamwachia "mo" peke yake. Akasema "ba". Alikuwa akinakili ubao kama mtu anavyochora ua. Hasomi hata silabi. Kwa rundo la usiku nisingelijua hilo kamwe.

Tukawa tunakaa kidogo kabla ya mapumziko na vizibo vya soda nilivyoviandika silabi: ma, me, mi, mo, mu. Anavipanga, anavitamka, anavichanganya upya. Siku aliyounganisha "mama" na "mimi" mwenyewe, alimgeukia jirani yake akamsomea bila kutumwa na mtu. Mimi kazi hii naipendea hapo. Na ili uyaone mambo kama hayo lazima uingie darasani umelala vizuri.

Uchovu mwingine hautokani na watoto, tuseme ukweli. Mwalimu aliyeacha kadi ya benki na namba ya siri kwa mkopeshaji wa kausha damu, yaani mikopo ya riba kali, mwisho wa mwezi kwake ni maumivu. Kabla hujafika huko, jiunge na Saccos ya walimu, na mwambie mwenzako mmoja unayemwamini. Aibu ndiyo inayowafikisha wengi kwa wale watu.

Kikao cha MEWAKA, yaani Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini, nacho usikiendee kwa ajili ya kusaini mahudhurio tu. Nenda na jina la mtoto mmoja na jambo moja linalomkwamisha. Huenda mwalimu wa darasa la tano aliwahi kumfundisha kaka yake, na anajua kilichosaidia.